Siku Nilipomsomea Baba Inchi

Harufu ya baba yangu ilikuwa harufu ya shaba iliyopata moto. Jioni alipokuwa akirudi kutoka karakana ya reli, sisi ndani tulijua amefika kabla hajapiga hodi, kwa sababu harufu ile ilimtangulia mlangoni: shaba, moshi wa kuni, maji ya sabuni waliyokuwa wakimwagia chuma ili kisiungue, na mafuta ya nyonyo aliyojipaka mikononi asubuhi ili vumbi la chuma lisiingie kwenye nyufa za ngozi. Mama alimtaka akae kwanza uani ajikung'ute, maana nguo zake zilibeba nyuzi za chuma zilizojikunja kama nywele, na nyuzi hizo zilikuwa zikituchoma miguu kwenye mkeka. Baba alikaa kwenye kigoda, akavua viatu, akajikung'uta taratibu, na mimi nikasimama karibu naye nikivuta hewa kwa pua. Mpaka leo nikipita karibu na gereji yoyote husimama kidogo. Watu hudhani ninapumzika kwa sababu ya uzee.

Dodoma ya wakati ule, Wajerumani wakiwa ndio wenye nchi, ilikuwa mji mdogo wa vumbi. Kulikuwa na boma, stesheni, karakana, maduka machache ya Wahindi na Waarabu yaliyojipanga mchangani, na kuzunguka hayo yote nchi kavu nyekundu yenye miiba na tembe za Wagogo. Upande wa Makole, ambako sasa nyumba zimebanana, palikuwa na mashamba ya uwele ya wajomba zangu na zizi lao la ng'ombe. Reli ilikuwa bado mpya. Wazee walikuja kutoka mbali kuutazama moshi tu, wakikaa juani kuingoja injini ipite, kisha wakarudi kwao wakibishana njiani. Kilichokuwa adimu kuliko vyote ni maji. Injini zilikunywa kama kundi zima la ng'ombe, na ili zipate kunywa, karibu na stesheni kilichimbwa kisima kirefu kikawekewa pampu ya mvuke. Yaliyobaki baada ya injini ndiyo waliyoruhusiwa watu. Kila asubuhi wanawake walipanga foleni na vibuyu na madebe, na sauti ya pampu ile, tu-ka, tu-ka, tu-ka, ndiyo iliyotuamsha na ndiyo iliyotulaza.

Katika mji huo baba yangu alikuwa mtu. Jina lake Feruzi. Babu alikuja na misafara ya kutoka pwani akiwa mpagazi, akachoka kubeba mizigo ya wenzake, akabaki Ugogoni. Baba alizaliwa huku huku, na alipokuwa kijana alikwenda Mombasa kutafuta kazi kwenye reli ya Waingereza. Huko fundi mmoja wa Kihindi, ambaye baba alimwita Mistri tu, alimfundisha kazi ya kerezo, ile mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikimenya mpaka kiwe mviringo. Walipoagana, Mistri alimpa kipimo chake mwenyewe. Mafundi wa siku hizi wanakiita maikromita. Baba alikiita kipimo, kana kwamba duniani hakuna kipimo kingine. Ni chuma kidogo kilichopinda mfano wa kiatu cha farasi, kinaenea kiganjani. Kitu kinachopimwa hukaa katikati ya midomo yake miwili, na mpini huzungushwa polepole mpaka midomo iguse. Kilikaa ndani ya kisanduku cha mbao chenye kitambaa chekundu, na usiku kisanduku kililala upande wa kichwa cha baba.

Kilikuwa kipimo cha inchi. Karakana nzima ya Wajerumani ilitumia milimita, lakini pampu ya kisima ilitengenezwa Uingereza, ikanunuliwa pwani ikiwa imeshatumika, na kila kilichokuwamo kilikuwa cha inchi. Mzungu aliyekuwa mkerezaji alishikwa na homa akarudishwa pwani. Aliyebaki kusimamia karakana alikuwa mtu wa maboila na nyundo, mwembamba, mwenye kikohozi kisichopona hata wakati wa jua kali, na wafanyakazi walimwita Bwana Kikohozi. Huyu kazi ya kerezo hakuijua. Kwa hiyo pampu ilipodai kitu, aliitwa Feruzi. Nilikuwa nikitembea sokoni nikijua kwamba maji yaliyokuwa kwenye debe la kila mwanamke yalipitia mikononi mwa baba yangu, na nadhani nilitembea hivyo hasa, shingo juu.

Alinifundisha kusoma kipimo hicho kabla sijajua herufi hata moja. Nilikuwa mtoto wake wa pekee, na alinifundisha kama ambavyo baba wengine hufundisha watoto kupiga miluzi. Tulikaa uani baada ya chakula, jua likiwa bado halijazama. Inchi, aliniambia, ni urefu wa pingili ya kwanza ya kidole gumba changu mimi, si chako. Sasa igawe mafungu elfu moja. Nilicheka, yeye hakucheka. Alinionyesha shina la kipimo lenye namba zake: kila namba ni mafungu mia. Kati ya namba na namba mna mistari midogo, na kila mstari ukitokeza ni mafungu ishirini na tano. Juu ya shina kinazunguka kikombe chenye alama ukingoni. Kila alama ni fungu moja, na kikombe kikimaliza duara zima kimefunua au kimefunika mstari mmoja wa shina. "Kwanza namba," alisema, "halafu mistari, halafu kikombe. Ukimaliza, jumlisha." Nilipima punje ya uwele, kucha yangu, jani la mlenda, pesa ya shaba. Niling'oa unywele wa mama nikaupima, nikatangaza kwamba ni mafungu matatu. Mama yangu Mele, Mgogo wa Makole asiyependa mambo yasiyolika, alijishika kichwa akauliza, "Sasa nikishajua ni matatu, niufanyeje?"

Jambo moja baba alilirudia kila mara. Kikombe kikisimama penye sifuri, mstari wa mwisho wa shina huwa unachungulia tu pembeni ya kikombe. Hapo ndipo mafundi wengi wanapoharibu, alisema. Mtu huhesabu mstari ambao haujatoka, au huuacha uliokwisha kutoka, na kosa la mstari mmoja ni kosa la duara zima.

Sijui ni lini hasa macho yake yalianza kumwacha. Kwanza alikuwa akikipeleka kipimo mbali na uso, mkono ukiwa umenyooka, kama mtu anayeonyesha njia. Kisha akaanza kukigeuzia jua. Kisha akawa hatazami sana, ananipa mimi. "Hebu nione kama hujasahau," alisema, na mimi nilisoma, naye akaitikia, "Vizuri, hujasahau." Mchana nilipompelekea chakula karakanani alinivuta nyuma ya kerezo, akaniwekea kipimo mkononi kikiwa kimekishika chuma, na mimi nikamnong'oneza. Siku moja nilimuuliza, "Na wewe umeona ngapi, baba?" Alikichukua kipimo bila kukitazama. "Hizo hizo," alisema. Nikaelewa. Sikumwambia mtu, wala yeye hakuniambia nisiseme. Mama naye alikuwa ameshajua kwa njia yake. Alikuwa ameanza kumtoa miiba miguuni bila kuombwa, na kumchambulia mchicha upya baada ya yeye kuuchambua.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kibaya. Uwele ulikuwa umekauka ukiwa bado mfupi, na mito ya mchanga ilikuwa mchanga mtupu. Ndipo pini ya pampu ilipokwisha kwa kulika. Ni pini inayounganisha mkono wa pampu na gurudumu lake, kitu kisichozidi kidole, lakini pampu haiendi bila pini hiyo. Na wakati huo huo habari zilikuwa zimefika kwamba bwana mmoja mkubwa wa serikali atapita kwa gari la moshi kuelekea Tabora, na gari lake lisikose maji. Nilipofika karakanani na chakula, baba alikuwa amesimama mbele ya kerezo, pini mpya ikiwa imebanwa mashineni inang'aa, na kumzunguka walikuwapo Bwana Kikohozi, nyapara Songoro na wafanyakazi wote waliokuwa hawana kazi bila maji. Sikuwahi kumwona baba akifanya kazi huku akitazamwa na watu wengi namna ile.

Nilimwamkia nyapara shikamoo, hakuitikia. Baba alikuwa amekishika kipimo kwenye pini. Alikisogeza mbali, akakirudisha karibu, akageuka akaniona. Uso wake ulifunguka. "Zaina," aliniita, "njoo mama, nione kama hujasahau."

Songoro alicheka. "Feruzi, leo unataka kucheza na mtoto? Bwana anasubiri."

Wenzake nao wakacheka. Bwana Kikohozi hakuelewa kilichosemwa, aliona tu mtoto wa kike mwenye sufuria akikaribia mashine. "Toto, toka!" alisema, akakohoa. "Hapa kazi."

Baba angeweza kusema neno moja tu. Nilimtazama nikilingoja. Badala yake aliinamisha kichwa juu ya kipimo, akasema kwa sauti ya mtu asiyenijua, "Nenda nyumbani." Nikaweka sufuria chini nikaondoka. Nilipofika mlangoni nilisikia kerezo limeanza tena kumenya chuma.

Yaliyofuata tuliyasikia jioni kwa majirani kabla hajarudi mwenyewe. Pini ilikuwa imeshatimia pale nilipofukuzwa. Baba, kama alivyokubali mbele ya wenzake, alikuta kikombe kiko penye sifuri, kama ilivyotakiwa, ila mistari alihesabu minne, nayo ilikuwa mitatu. Kwa hiyo akaendelea kukata, duara zima. Walipoipeleka kisimani ikaingia bila kugongwa. Baba aliitikisa akasema, "Bwana, inacheza. Hii imelegea." Watu wawili waliokuwapo walimsikia. Bwana Kikohozi alitazama njia ya reli, akatazama saa yake, akasema, "Washa." Wakawasha. Pampu ilipiga mara chache kwa mlio mwingine kabisa, mlio wa kugonga, kisha pini ikakatika na mkono wa chuma ukapasuka mdomoni. Gari la yule mkubwa lilichelewa likingoja matangi ya maji yaletwe kutoka stesheni ya Gulwe. Maji ya Gulwe yalikuwa ya injini peke yake. Wanawake wa mjini walirudi na vibuyu vitupu, wakaanza kwenda kuchimba kwenye mchanga wa mito, wakingoja tone kwa tone.

Baba alipelekwa bomani, na shauri lake likasikilizwa nje mbele ya watu, kama ilivyokuwa desturi pale walipotaka wengine wajifunze. Mama alikwenda, na mimi nikamfuata nikiwa nimeshika kaniki yake. Bwana Kikohozi alieleza kwamba mtu huyu alijidai kuijua inchi, akapokea mshahara wa fundi, kumbe haijui. Kipimo kililetwa. Mzungu wa boma akauzungusha mpini vyovyote alivyotaka, akampa baba, akamwambia asome. Baba alikishika. Niliona mkono wake ukitaka kunyooka, kukipeleka mbali, kisha akajizuia akaubakiza karibu, na macho yake yakawa yanatembea juu ya chuma bila kutua. Hakusema kitu. Nilifungua mdomo, na nadhani sauti ilikuwa imeshaanza kutoka, lakini alinitazama. Kwa mbali aliona vizuri. Alinitazama kwa namna ambayo nilijua kwamba kuitwa mwongo anaweza kuvumilia, lakini kuitwa fundi asiyeona, anayesomewa na mtoto, hawezi. Nikafunga mdomo.

Alihukumiwa viboko ishirini na tano, ile hesabu ambayo kila mtu wa zama zetu anaijua. Sitaielezea. Nitasema tu kwamba walimvua nguo mbele ya wanawake waliokuwa wakichota maji yake kila asubuhi, na kwamba mama alinifunika macho kwa kiganja, lakini alichelewa. Nitasema pia kwamba nyuma yetu mwanamke mmoja, aliyekuwa na mtoto mgongoni mwenye midomo iliyokauka, alisema, "Apigwe. Ametuua kwa kiu." Sikumchukia. Kilichonijaa hakikuwa chuki wala hata huruma. Ilikuwa aibu, na ilikuwa nzito mwilini kama homa. Nilitamani watu wasijue kuwa huyu ni baba yangu, na walikuwa wanajua wote.

Nyumbani alilala kifudifudi, mama akimpaka mafuta yale yale ya nyonyo. Nje watoto walikuwa wameshampa jina. Walipita uani kwetu wakiimba, "Mstari Mmoja! Mstari Mmoja!" na baadhi yao walikuwa wenzangu wa kucheza, ambao nilikuwa nimewapimia kucha zao. Nilikaa ndani. Mama aliponituma chumvi nilizunguka nyuma ya tembe, nikapita miibani, ili nisikutane na mtu.

Wahunzi waliutengeneza mkono uliopasuka, lakini pini hawakuiweza. Bwana Kikohozi alijaribu mwenyewe, akaharibu chuma mara mbili. Ndipo nyapara Songoro alipokuja kwetu, akasimama mlangoni, safari hii bila kicheko. "Feruzi, bwana anakuita. Anasema ukirekebisha, basi, yamekwisha." Baba aliinuka. Alikuwa hawezi kukaa, lakini kusimama aliweza. Akachukua kisanduku chake. Mama alikuwa akitwanga. Aliuweka mchi chini, akajifunga kaniki vizuri, akanishika mkono. "Tunakwenda wote," alisema.

"Mele," baba alisema, "ninyi bakini."

Tulimfuata nyuma njia nzima, watu wakitutazama. Mama alikuwa hajawahi kuingia karakanani. Aliingia kama anavyoingia zizini kwa kaka zake, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Bwana Kikohozi, na kwa Kiswahili chake kilichojaa Kigogo akamwamkia na kusema kwa sauti iliyofika kila pembe: "Mbukwa, bwana. Mume wangu kazi anajua. Macho ndiyo hana. Mtoto huyu atasoma, yeye atakata."

"Mele!" Baba aliliita jina lake tu. Sijapata kusikia tena jina la mtu likiitwa hivyo.

Mzungu alimtazama baba, akanitazama mimi, akamuuliza Songoro mama amesema nini, akaelezwa. Akainua mabega. Alitaka pampu yake. "Soma," aliniambia.

Walinisimamisha juu ya sanduku la mbao ili nifikie. Baba aliwasha kerezo. Mikono yake haikuwa na shaka hata kidogo. Kisu kilikigusa chuma, nyuzi zikatoka ndefu na nyembamba, harufu yake ikanijia puani. Akasimamisha mashine, akaweka kipimo, akazungusha mpini mpaka midomo ikagusa kwa ule wepesi ambao ni yeye tu aliyekuwa nao. Kisha akajitoa pembeni, na mbele ya wanaume wote wale nikasoma, si kwa kunong'ona, maana Bwana Kikohozi alitaka kusikia. "Nane. Mistari mitatu. Kikombe kumi na mbili." Akakata. "Nane. Mistari mitatu. Kikombe saba." Akakata kidogo sana. Kila namba niliyoitaja niliona kama ninamvua nguo tena, moja baada ya nyingine, na safari hii mkono unaovua ni wangu. Sikuthubutu kumtazama. Nilitazama shina na kikombe, na machozi yakawa yananizuia kuona, nikawa ninayafuta kwa bega. "Kikombe mbili." Kisha mara ya mwisho: "Sifuri, baba. Mistari mitatu. Wa tatu unachungulia."

"Una hakika?" aliuliza. Hakuwahi kuniuliza hivyo. Siku zote alikuwa akisema hujasahau.

"Nina hakika."

Akazima mashine.

Pampu ilianza tena alasiri ile ile, tu-ka, tu-ka, na wanawake walipiga vigelegele kisimani. Mama alipewa nafasi ya kwanza kwenye foleni, akajaza debe lake bila mtu kumsogelea. Lakini baba hakusimama kisimani kuangalia. Alikuwa ameshakwenda nyumbani, na nilipofika alikuwa amelala ameelekea ukutani. Watoto waliliacha lile jina la zamani, wakapata lingine. Walimngoja barabarani, mmoja anainua kijiti mbele ya macho, anamwambia mwenzake kwa sauti nzito kama ya baba, "Nisomee, mwanangu, nisomee!" na wote wanaanguka kwa kicheko. Hawakuwa watoto wabaya. Walisikia wakubwa wao wakicheka nyumbani. Mvua za mwaka ule zilikuja zikaisha, baba hajasema na mimi neno lisilo la lazima. Hakunikasirikia, na hakunitazama pia. Kisha akaiacha kazi ya reli, tukahamia Makole kwa wajomba, akawa analima uwele kwenye ardhi ya wakwe zake, jambo ambalo kwa mwanamume wa mjini halikuwa dogo. Mama alibeba hilo kimya. Mara moja tu, tukiwa tunapepeta, aliniambia, "Ningemwacha apigwe tena?" Kisha akajaza ungo upya.

Vita vikaja, Wajerumani wakaondoka, Waingereza wakaingia. Nilikuwa nimeshavunja ungo. Siku moja karani kijana wa stesheni alitufuata shambani, amevaa soksi ndefu, akimtafuta fundi Feruzi. Alisema Waingereza wanapima kila kitu kwa inchi, mafundi wote waliopo wamelelewa kwa milimita, na watu wamewaambia kwamba yuko mzee mmoja Makole. Baba alikuwa ameegemea jembe. Wajomba zangu walikuwapo, na wake zao, na watoto wao. Nilijikaza, nikijua ataondoka, au atatoa udhuru fulani, homa au mgongo. Alimwambia karani, "Kijana, mimi sioni. Karibu sioni kabisa. Aliyekuwa akinisomea ni huyu binti yangu. Kama mnataka mtu wa inchi, mchukueni yeye." Karani alicheka kwa adabu, akidhani ni mzaha, akaaga akaenda zake. Hakuna mtu ambaye angeajiri msichana karakanani. Lakini baba hakucheka, na hakuinamisha kichwa. Alinigeukia akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akasema, "Ulisoma vizuri." Kisha akaendelea kulima.

Sasa mimi ni bibi kizee, na mjukuu wangu Rehema anajifunza ufundi wa mashine hapa hapa mjini. Wanawake ni watatu darasani kwao, na hakuna anayewaimbia kitu wakipita. Inchi zimekufa tena. Nchi yetu imerudi kwenye milimita, na yeye anacheka ninapomweleza mafungu elfu. Ana miwani tangu utotoni. Nami ninayo, nilipewa hospitali, na usipoweza kusoma bila miwani siku hizi unasema tu, "Nipe miwani yangu," hata mbele ya mkwe. Nilipomsimulia Rehema habari hii kwa mara ya kwanza, alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali la mtoto wa leo: "Kwani bibi, wakati huo miwani haikuwapo?"

Nilitaka kumwambia haikuwapo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ndipo akilini nilipomwona Bwana Kikohozi, amesimama karakanani siku ile ya kicheko na tena bomani, akikohoa, akiivua miwani yake, akiifuta vumbi kwa pindo la shati na kuirudisha usoni ili aitazame vizuri ile pini. Aliivaa kila siku. Sisi sote tulimwona. Hakuna aliyemcheka, na hakuna aliyefikiri, si nyapara, si mama, si baba, si mimi, kwamba kitu kile kingeweza kukaa kwenye uso wa Feruzi. Aibu niliyokuwa nimeibeba maisha yangu yote kwa ajili ya baba ilinigeukia hapo hapo kwenye kiti, ikawa aibu nyingine ambayo sijui niipeleke kwa nani. Nikamwambia Rehema, "Ilikuwapo."